Kifaranga hayupo: kumjua mhusika kabla ya kumlaumu mwewe

Mtetea alitoka na vifaranga 12 Jumatatu. Ijumaa wamebaki saba, na kaya nzima imeshatoa hukumu: mwewe. Huenda hukumu hiyo ni ya haki. Ila Tabora, iwe Sikonge, Urambo au pembezoni mwa mji penyewe, kuku wa kienyeji ana wateja wengi: mwewe na kipanga mchana, bundi na kanu (mnyama mdogo wa madoa anayefanana na paka) usiku, nguchiro saa yoyote, siafu mvua zikianza, panya kila siku. Kila mmoja ana mlango wake. Wavu wa juu haumzuii nguchiro, na kufuli la usiku halimhusu kipanga. Ndiyo maana watu wanatumia fedha kwenye dawa isiyo ya ugonjwa wao, kisha wanaishia kumrushia mwewe mawe.

Anza na hesabu

Hesabu vifaranga mara tatu kwa siku, kwa siku tano mfululizo: asubuhi kabla ya kufungua banda, saa 7 mchana, na jioni baada ya kufunga. Andika kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Daftari hupotea, mlango haupotei. Kama idadi ya asubuhi ni pungufu kuliko ya jana jioni, mwewe hahusiki kabisa, kwa kuwa hawindi gizani. Kama upungufu unatokea kati ya asubuhi na saa 7, au kati ya saa 7 na jioni, hapo ndipo unaweza kuanza kutazama juu.

Jioni hiyohiyo mwaga jivu laini mbele ya mlango wa banda na kuzunguka kuta, upana wa hatua moja. Asubuhi jivu litakuonyesha nyayo. Za jamii ya paka ni za mviringo na hazina alama ya kucha. Za nguchiro ni ndogo na kucha zinaonekana mbele ya vidole. Nyoka huacha mchirizi mmoja uliopindapinda. Jivu likibaki safi na kuku hayupo, aliyemchukua alitoka juu, au alikuwa ndani tangu mwanzo.

Dalili: ametoweka mchana, hakuna damu wala unyoya

Hii ndiyo saini ya mwewe. Hunyakua akiwa anaruka, hatui chini, na mara nyingi humla kifaranga akiwa mtini au hewani. Utamjua kwa mkia wake uliogawanyika mwishoni kama panda, rangi ya kahawia na mdomo wa njano, na kwa jinsi anavyoelea akiupindapinda mkia kama usukani. Hufanya kazi zaidi jua likishapanda na hewa ya moto ikianza kumbeba, tangu kama saa 3 asubuhi. Yupo mwaka mzima maeneo mengi, na kuanzia Oktoba hadi Machi huongezewa na ndugu zake wanaohama kutoka Ulaya na Asia, kwa hiyo usishangae kuona makundi wakati huo. Hata hivyo kundi kubwa baada ya mvua ya kwanza si la kutisha sana. Mara nyingi limefuata kumbikumbi.

Kipanga ni mwingine. Ana mabawa mafupi yenye ncha za duara, mkia mrefu wenye mistari, naye haelei juu. Hujificha ndani ya mti, kisha hupita chini chini kwa kasi, mabawa yakipigwa haraka, akazungukia kona ya nyumba. Watu wengi hawamuoni kabisa. Wanamuona mwewe anayeelea juu, asiye na habari, wanamtwika kesi. Ukisikia mtetea amepiga kelele lakini angani hakuna kitu, tafuta kipanga kwenye mti wa karibu, hasa asubuhi mapema na jioni.

Kunguru mwenye kifua cheupe huchukua vifaranga wa wiki ya kwanza, na mara nyingi huja wawili: mmoja anamchokoza mtetea, wa pili anachota. Nguchiro huja kwa miguu kutoka kichakani na kurudi na kifaranga kinywani. Hapo msikilize jogoo. Kwa hatari ya angani hutoa sauti moja nyembamba ya kuvuta, na kuku wote hujilaza au kukimbilia chini ya kitu. Kwa hatari ya ardhini hutoa mlio wa kukatakata unaoendelea, huku kuku wakisimama wima na kunyoosha shingo. Ukikaa nyuma ya nyumba siku mbili ukisikiliza tu, utajua zaidi kuliko kwa kuuliza majirani.

Kwa nini anachagua uwanja wako? Sababu kubwa ni uwanja wenyewe. Uwanja uliofagiwa vizuri, mweupe, hauna hata kijiti, ni sifa ya mama wa nyumba na ni sahani ya mwewe. Kifaranga aliye mita 15 kutoka kwenye kificho hana nafasi. Sababu ya pili ni utumbo wa kuku na wa samaki unaotupwa jalalani wazi, pamoja na vifaranga waliokufa kwa ugonjwa wanaorushwa nyuma ya choo. Mwewe ni mla mabaki kwanza, mwindaji baadaye. Akizoea kuokota kwako kila siku, atajifunza pia kinachotembea. Zika mizoga kwa kina cha goti au ichome, na utumbo ufukie siku hiyohiyo. Sababu ya tatu ni moto wa kiangazi. Kati ya Juni na Septemba misitu ya miombo huchomwa, mwewe hufuata moto kuokota panzi na panya wanaokimbia, na nyasi zikishaisha kuku wako ndio wanaobaki wakionekana. Kutotolesha vifaranga wengi Agosti bila wavu ni kujitakia.

Marekebisho, kwa mpangilio wa umuhimu:

Kwanza, wafungie vifaranga pamoja na mama yao kwenye kizimba chenye paa kwa wiki nne za mwanzo bila kuwatoa. Kizimba cha mita 2 kwa mita 1.5, kimo sentimita 60, kinawatosha vifaranga 25 hadi 30 wa umri huo pamoja na mtetea mmoja. Fremu ni fito au mabanzi ya kiwanda cha mbao. Nusu ya paa iwe nyasi kwa kivuli na mvua, nusu iwe wavu. Pembeni chini pasiwe na upenyo unaozidi sentimita 2. Kihamishe kila siku moja au mbili. Ukikiacha mahali pamoja wiki nzima, kinyesi kinarundikana na utaondoa mwewe ukakaribisha kuhara damu.

Hapa ndipo wengi hukwama, maana kifaranga aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Piga hesabu ya gramu 20 kwa kifaranga kwa siku, wastani wa wiki nne: vifaranga 12 watahitaji karibu kilo 7 kwa kipindi chote. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 6 za mahindi ya kuparaza, sehemu 2 za mashudu ya alizeti na sehemu 1 ya dagaa waliosagwa, pamoja na maji safi kila siku. Ili kupunguza gharama, vuna mchwa: jaza chungu kikuukuu mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, nyunyizia maji, kifunike juu chini kwenye tundu la mchwa jioni, na asubuhi mapema kung'utia ndani ya kizimba. Kifaranga anayekula mchwa hukua upesi, na kukua upesi ndiyo kinga yenyewe.

Pili, wiki ya tano hadi ya nane watoe nusu siku tu, wakati mtu yupo uwanjani. Baada ya wiki nane kifaranga aliyelishwa vizuri huwa amekaribia au kupita nusu ya uzito wa mwewe mwenyewe, na mwewe hujua mzigo usiobebeka.

Tatu, weka vificho. Chukua fito nne, tengeneza kichanja cha mita 1 kwa mita 1.5, kimo sentimita 30 hadi 40, ezeka nyasi juu. Weka kimoja kila baada ya mita tano au sita. Kiwe wazi pande mbili. Chenye mlango mmoja humgeuzia kuku mtego, nguchiro akiingia hakuna pa kutokea. Vichaka hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu: mistari miwili ya mbaazi au mihogo kando ya uwanja huwa dari nzuri kabla mwaka haujaisha. Mwembe wenye matawi mapana, na Tabora hatuna uhaba wa miembe, humzuia mwewe kabisa kwa sababu hawezi kushuka kwa kasi katikati ya matawi. Lakini mwembe huohuo ni ngome ya kipanga, na usiku ni kiti cha bundi. Punguza matawi ya chini hadi kimo cha mtu, ili umuone aliyekaa ndani.

Nne, totolesha kwa pamoja. Mitetea mitatu ikianza kuatamia kwa siku tofauti, iwekee mayai mabovu au mawe laini, hifadhi mayai mazuri sehemu ya baridi yasizidi siku kumi, kisha iwekee yote usiku mmoja, kila mmoja mayai 10 hadi 12. Baada ya siku 21 unapata kundi moja, unamkabidhi mtetea mkali kuliko wote, na wengine wanarudi kutaga. Kulinda kizimba kimoja kwa mwezi mmoja ni rahisi kuliko kulinda makundi matatu kwa miezi mitatu.

Dalili: kuku mkubwa ameuawa mchana, manyoya yametapakaa

Mwewe hatajwi hapa. Tazama manyoya kwanza. Ndege wawindaji hung'oa, kwa hiyo shina la unyoya linatoka zima hadi kwenye kitako chake. Mnyama hutafuna, unakuta mashina yamekatika na yana mate. Manyoya yaliyorundikana mahali pamoja karibu duara, kifua kimeliwa, na mfupa wa kidari una vijino vya pembetatu kama umetobolewa kwa koleo, ni kazi ya kipanga mkubwa au tai.

Tai wa kumhofia kwenye miombo ni yule wa wastani mwenye tumbo jeupe lenye michirizi myeusi, anayewinda na mwenzake. Chakula chao cha kawaida ni kwale na kanga wa porini, na kuku kwao ni kanga asiyejua kuruka. Tai mkubwa kabisa mwenye kifua cheusi na tumbo jeupe la madoa anaweza kuchukua hata mbuzi mchanga, lakini anahitaji eneo kubwa sana na ni nadra kumuona karibu na makazi. Tangu 2020 yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Nao wapo wanaobebeshwa lawama bure. Tai mweusi mwenye ushungi mrefu kichwani, anayekaa kwenye nguzo ya umeme kando ya shamba, ni mla panya. Muache hapo hapo. Pungu, yule mwenye mkia mfupi kana kwamba umekatwa, hula zaidi mizoga na nyoka. Na upande wa Kigoma, tai mweupe mwenye mabawa meusi anayekaa kwenye michikichi anafuata ngazi, tunda la mchikichi. Hilo ndilo chakula chake kikuu.

Tai akiua kuku mkubwa na kushindwa kumbeba, atarudi kumalizia. Usiuache mzoga. Uondoe, kisha fungia kuku siku tatu hadi nne mfululizo. Mwindaji asiyepata kitu mara mbili tatu hubadilisha njia, ilhali aliyepata mara mbili hufanya ratiba. Siku za kuwafungulia tena, anza na alasiri, na mtu awepo. Jogoo mmoja kwa mitetea minane hadi kumi ni kiwango kizuri. Akizidi hapo anapigana, akipungua kundi linakosa mlinzi. Kanga wa kufugwa wawili watatu huona mbali kuliko jogoo na hupiga kelele ya kuamsha mtaa, jambo ambalo jirani anaweza asilipende.

Kama unachagua mbegu, punguza weupe. Kuku mweupe kwenye ardhi nyekundu huonekana toka mbali. Wa kahawia na wa madoadoa hupotea machoni wakijilaza.

Dalili: usiku, kichwa hakipo, mwili umeachwa

Kuku wanaolala mtini au juu ya paa: mtuhumiwa wa kwanza ni bundi mkubwa. Huja kimya, hutembea juu ya tawi hadi kwa kuku, hula kichwa na shingo. Kuku wanaolala bandani penye wavu wa matundu mapana: kuku huogopa, hujibana kwenye wavu, hutoa kichwa nje, na aliye nje anakinyofoa. Anaweza kuwa bundi, anaweza kuwa kanu. Kuku wengi kuuawa usiku mmoja bila kuliwa si bundi kamwe. Ni kicheche, nguchiro au mbwa wa jirani. Ubao uliong'olewa kwa nguvu ni nyegere, na kwa nyegere utahitaji mbao nene na msingi, si maombi.

Tiba ya bundi ni moja: kuku walale ndani, na giza lisiwakute nje. Fito za kulalia ziwe angalau sentimita 40 kutoka kwenye wavu wowote. Wavu wa madirisha uwe wa nusu inchi. Ule wa inchi moja unamzuia bundi lakini unampitisha panya na nyoka mdogo. Chini, wavu uzikwe sentimita 30 na ukunjwe kuelekea nje. Wanaotumia bani la tumbaku (jengo la kukaushia majani) lisilofanya kazi kama banda la kuku wanapata kuta imara, lakini husahau tundu la tanuri na matundu ya hewa ya juu. Huko ndiko kicheche anakoingilia. Yazibe kwa matofali na wavu.

Neno kuhusu bundi, kwa kuwa wengi humuua kwa sababu nyingine kabisa, wakidhani ametumwa. Bundi mweupe wa kwenye dari na magofu hali kuku; hula panya usiku kucha. Panya ndiye anayekula mahindi ghalani na ndiye anayewavuta vifaranga chini ya mama yao usiku. Ukimuua bundi huyo, umeajiri panya.

Dalili: wavu umewekwa na bado wanapungua

Tatizo huwa kwenye ukubwa wa nafasi. Wengi hufunga kamba juu ya uwanja badala ya wavu, na kwa mwewe inatosha: mabawa yake yakifunguliwa yanafikia karibu mita 1.4 na zaidi, hivyo kamba zilizoachana nusu mita humvunjia mteremko. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unahitaji kamba 21 za mita 10 kila moja, yaani mita 210 kwa mwelekeo mmoja. Ukipitisha na za kukatiza, mita 420. Zifunge kwa kimo cha mita 2 hadi 2.5 ili mtu apite, na kila mita mbili ning'iniza kitambaa cheupe, ndege azione mapema. Kwa kipanga mdogo kamba hizo si kitu. Mabawa yake hayafiki mita moja, na huyakunja akapita. Kama ulimtambua kipanga, weka wavu, usipoteze kamba.

Nyavu kuukuu za dagaa kutoka Kigoma, zinazochakaa kwenye mialo kama Kibirizi, ni nyepesi, zina matundu madogo na hufaa kwa vizimba. Zina kasoro mbili. Jua huzila, kwa hiyo zikague kila miezi mitatu kwa kuzivuta kwa mikono miwili. Zikikatika kama uzi wa buibui, badilisha. Na zikilegea hushuka hadi zikagusana na mgongo wa kuku, ndipo kunguru hudonoa kutoka juu. Pitisha waya au kamba ya katani chini ya wavu kila mita moja na ukaze.

Kasoro nyingine ambayo watu hawaiangalii ni mti mkavu au nguzo ndefu ndani ya uwanja. Ni mnara wa kulindia, kwa faida ya kipanga. Ukate, au uhamishie mti wa namna hiyo katikati ya shamba la mahindi, mbali na kuku, ambako ndege hao watakusaidia kwa panya.

Dalili: vitisho vilifanya kazi wiki ya kwanza, sasa havifanyi

Ndivyo vilivyo. Sidii zinazometameta, utepe wa kaseti, sanamu ya mtu mwenye kofia, vyote humtisha mwewe mpaka atakapogundua kwamba havisogei. Ukivitumia, vihamishe kila siku mbili na uviondoe kabisa kwa wiki nzima kila mwezi. Vinafaa kwa siku chache za hatari, kwa mfano vifaranga wanapotolewa kizimbani kwa mara ya kwanza.

Kupaka vifaranga jivii la zambarau (GV, ile dawa ya vidonda) ni desturi ya wengi. Mwewe asiyezoea husita, hilo halina ubishi, lakini manyoya yanaota na rangi inaisha, na mwewe mkaaji hujifunza. Rudia kila siku kumi ukipenda. Rangi ya mafuta ya kupakia milango usiitumie kamwe. Hugandisha manyoya, na vifaranga wakidonoana wanaimeza.

Dalili: wanapungua, lakini mizoga ipo

Basi hawaliwi, wanakufa, na mwewe anaokota tu. Kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda, kuku wa rika zote wakianguka ndani ya siku chache ni kideri, ambacho wengi hukiita mdondo. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wote siku moja, kifaranga na jogoo kipimo kilekile. Ona ofisa mifugo wa kata kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaingia chanjo haiokoi kitu. Kifaranga mgonjwa huchelewa kukimbia, ndiyo maana kaya isiyochanja hulalamikia mwewe zaidi kuliko jirani yake anayechanja, ingawa mwewe ni yuleyule.

Vifaranga waliobaki mifupa mitupu asubuhi moja, mtetea amekimbia: siafu. Mwaga jivu la moto kuzunguka banda na uhamishe kundi usiku huohuo.

Dalili: mayai

Ganda lililotobolewa tundu moja na kuachwa karibu na kiota ni kunguru, au kuku mwenyewe aliyejifunza tabia mbaya. Maganda yaliyopasuliwa kwenye jiwe ni nguchiro. Mayai yasiyoonekana hata ganda ni nyoka, kenge, au mtoto wa nyumbani.

Mwewe amenaswa kwenye wavu

Usimpige. Mfunike kichwa na mwili kwa khanga nzito au gunia; giza humtuliza. Shika miguu yote miwili juu ya vidole, kwa nguvu, maana kinachoumiza ni kucha, mdomo ni wa pili. Kata wavu, usivute bawa. Mpeleke mahali wazi, mweke chini, ondoa kitambaa, rudi nyuma. Asiporuka baada ya saa moja, mweke kwenye boksi lenye matundu bila kumpa chakula na umwarifu ofisa wanyamapori wa wilaya.

Kutega sumu au kumuua

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuua ndege wa porini bila kibali, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ndiyo ya kuendewa pale tai anaporudia kuleta hasara. Tuweke sheria pembeni kidogo tutazame faida. Mwewe aliyeuawa huacha eneo lenye chakula bila mwenyewe, na ndani ya siku chache mwingine analichukua, tena mara nyingi kijana mwenye njaa asiyejua kizimba chako kilivyo. Umebadilisha mwizi unayemjua kwa usiyemjua.

Kupaka dawa za tumbaku au za wadudu kwenye utumbo ni balaa kubwa zaidi. Mwewe anakufa, mbwa anayemla mwewe anakufa, tumbusi wanaoshukia mbwa wanakufa kundi zima, na kuku wako wanaodonoa funza wa mzoga huo unawachinja Jumapili. Dawa za panya nazo huishia kwa bundi anayemla panya anayeyumba. Kwa panya tumia mtego wa kubana.

Mti wenye kiota juu ya uwanja

Mwewe mwenye makinda huwinda mara nyingi kwa siku kuliko mwingine yeyote, na huwinda karibu. Ukimkuta na makinda tayari, usikate mti. Wazazi watabaki hapohapo na hasira. Ongeza wavu kwa majuma hayo sita au saba mpaka makinda waruke. Kiota kikibaki kitupu, na hakikisha ni kitupu kwa kukitazama siku tatu asubuhi na jioni, kata tawi lililokibeba pamoja na panda za jirani zinazofanana nalo. Mwewe hupenda kurudia kiota cha zamani. Asipokikuta atajenga kwingine, na kama kuna mti mrefu upande wa pili wa shamba, usiuguse huo.